Gari Lililozimika Mbele ya Kaburi la Elinami

Gari likizimika mlimani, wanangu, msikimbilie boneti. Mkimbilieni dereva. Mpeni pa kukaa, mwacheni alalamike mpaka amalize, halafu mumwulize taratibu. Lilikuwa linapanda au linashuka? Lilikata ghafla kama taa, au lilianza kukohoa? Ulikaa kwa muda gani ndipo likawaka tena? Na tanki lilikuwa na mafuta kiasi gani? Likikata ghafla, mara nyingi ni umeme. Likikohoa, likajivuta, likapata nguvu kidogo halafu likanyamaza, jueni mafuta hayafiki.

Mimi nilishika spana Pasua, mtaa wa Moshi mjini, mpaka magoti yakakataa kuingia chini ya gari. Au tuseme yanaingia, ila hayataki kutoka. Sasa nimerudi kwetu Machame, nina ng'ombe wawili na kahawa kidogo, na vijana wa gereji hunipigia simu wakikwama na magari ya zamani. Nyinyi mna ile mashine ya kuchomeka, gari linasema lenyewe linaumwa wapi. Sina ugomvi nayo. Ningeipata enzi zile ningekuwa nawahi chakula cha jioni kila siku. Ila landrova za kabureta hazina pa kuchomeka, na bado zipo, zinabeba ndizi na majani ya ng'ombe huko juu. Ndiyo maana nawasimulia.

Aliyenifundisha ni Mzee Jumaa. Alizaliwa Moshi, mama yake Mpare, baba yake mtu wa Pangani aliyefuata kazi ya reli akaoa akabaki. Alikuwa mfupi, kofia yake ya kufuma haikutoka kichwani hata akiwa amelala chini ya injini, na nyusi yake ya kushoto ilikuwa na nywele chache za kuhesabika. Hiyo nyusi ilikuwa somo letu la kwanza. Kila fundi mpya alipewa nafasi ya kuuliza imeenda wapi, naye Mzee Jumaa alijibu bila kuona haya: "Nilitaka kujua kama tanki limekauka. Nikawasha kiberiti nichungulie." Halafu anasubiri tumalize kucheka ndipo anasema, "Haya, nani anataka kuchungulia?" Sijawahi kuona fundi aliyepita mikononi mwake akisogeza moto karibu na tanki.

Alikuwa na msemo wake kuhusu mafuta. Petroli ni msafiri, alisema. Akichelewa kufika, usikae mlangoni kumlaumu. Rudi njia aliyopita. Basi tulianzia kwenye tanki na mfuniko wake, tukafuata bomba chini ya gari, tukafika kwenye chujio, kwenye pampu, mwisho kabureta. Wengi wenu mnaanza na kabureta kwa sababu iko juu na inaonekana. Mnaifungua, mnaipuliza, mnaifunga, mnapoteza kile kispringi kidogo, na kumbe maskini haikuwa na kosa.

Kuna mfanyabiashara wa maharage wa Tarakea aliyetuletea pikapu yake akiwa amekata tamaa. Kila akitoka Tarakea na mzigo, akifika mahali fulani gari linakufa. Anakaa, anakula ndizi choma zake, anajaribu, linawaka, anaendelea, linakufa tena. Alikuwa amebadilisha pampu na plagi zote. Mzee Jumaa alimsikiliza, akaenda nyuma ya gari, akafungua mfuniko wa tanki. Likavuta pumzi ndefu, psssss, kama mtu aliyetua mzigo.

"Huu mfuniko uliununua lini?" akamwuliza.

"Ule wa zamani uliibiwa. Huu nimeupata sokoni. Umekaa vizuri sana, hauvuji hata tone."

"Ndiyo ugonjwa wenyewe. Mafuta yakitoka lazima hewa iingie kuchukua nafasi yake. Wewe umelifunga tanki mdomo na pua."

Akatoboa kijitundu kidogo kwenye mfuniko. Yule bwana aliondoka amenuna, kwa sababu alitaka ugonjwa mkubwa zaidi. Watu wakishahangaika na jambo kwa miezi hawapendi kuambiwa ni tundu la sindano.

Lakini niliyotaka kuwasimulia hasa ni habari ya Mama Aika wa Marangu.

Alikuwa mjane. Mumewe, Elinami, alikuwa ameacha landrova ya petroli, ndefu, ya kijani, yenye turubai nyuma. Elinami aliitumia kukusanya maziwa kwa majirani alfajiri na kuyaleta mjini, na kurudi na pumba, chumvi ya ng'ombe na watu. Alipofariki, Mama Aika alikaa msibani muda wake, kisha akachukua funguo. Kuendesha alikuwa anajua, mumewe alimfundisha wakiwa vijana. Majirani walifurahi, kwa sababu maziwa yao yalikuwa yanaharibika.

Shida ilikuwa moja. Kwao unavuka kidaraja cha kijito, halafu barabara inainuka ghafla katikati ya migomba. Katikati ya mlima huo ndipo kilipo kihamba chao, shamba la nyumbani la ukoo, na kama ilivyo desturi yetu Elinami alizikwa hapo hapo. Kaburi lake lina vigae vyeupe, hatua chache kutoka barabarani. Na landrova, tangu Mama Aika aanze kuiendesha, ilikuwa ikifika mbele ya lile kaburi inakohoa na kuzimika. Haikuwa kila siku, lakini ikizimika, inazimika hapo. Alfajiri wakati wa kushuka na maziwa haikumsumbua hata mara moja. Ni wakati wa kurudi tu.

Mara ya kwanza alipotuletea tulifanya kazi safi, au tulidhani hivyo. Tulianza kwenye mfuniko, tukikumbuka yule wa Tarakea, tukaukuta unapumua. Tukaosha kikombe cha kioo cha chujio. Tukabadilisha mpira wa ndani wa pampu, ulikuwa umechoka. Mipira yote ya nje tukaibinya kwa vidole, maana mpira wa mafuta unaweza kuonekana mzima kwa nje na kwa ndani umechanika ukafanya ulimi unaoziba njia. Ilikuwa mizima. Tukaipeleka landrova mpaka Himo na kurudi, ikaenda kama imetoka bandarini leo. Tukamkabidhi.

Hazikupita wiki mbili, akarudi bila gari. Alikaa juu ya tairi kuukuu pale gereji, kitenge kimefungwa vizuri, mkoba mapajani.

"Shikamoo fundi."

"Marahaba mama. Gari liko wapi?"

"Nimeliacha darajani. Fundi, sikuja kutengenezewa. Nimekuja uniambie kitu kimoja. Gari linaweza kuwa na mtu ndani yake?"

Mzee Jumaa alifuta mikono kwa kitambaa, polepole. "Mtu gani, mama?"

"Mume wangu."

Akatueleza. Mdogo wake Elinami, anaitwa Aminieli, ndiye aliyekuwa anakuja kusukuma kila gari likizimika. Siku ile baada ya matengenezo yetu lilipokufa tena pale pale, Aminieli aliacha kusukuma. Alisimama akalitazama kaburi, akasema mbele ya majirani wote: "Kaka yangu aliendesha gari hili miaka yote, halikusimama hapa hata siku moja. Linashuka vizuri, kupanda linagoma. Shemeji, huoni? Hataki urudi nyumbani."

Neno hilo lilisambaa mlima mzima. Kikao cha ukoo kikaitishwa, kifanyike Jumapili iliyokuwa inakuja, baada ya ibada. Walikuwa wanasema kwa upole kwamba Mama Aika aende kwao Mwika apumzike kwanza, na gari libaki kwa Aminieli. Sisi watu wa huku tunajua maana ya "kupumzika kwanza": ukiondoka, hurudi. Binti yao mmoja, Aika, alikuwa ameolewa mbali, na mtoto wa kiume hawakuwa naye.

"Mimi sibishani nao," akasema. "Ila usiku nalala najiuliza nilimkosea nini Elinami. Tuliishi vizuri. Au niseme, mimi nilidhani tuliishi vizuri."

Mimi ningeanza kumwambia hakuna mambo kama hayo. Nilishafungua mdomo. Mzee Jumaa akanigusa mguu kwa kiatu chake, akavuta kigoda akakaa karibu naye.

"Mama, mchungaji wenu ameambiwa?"

"Ameambiwa. Alikuja kuliombea. Na siku ile lilipanda vizuri kabisa! Tukaimba. Baada ya siku chache likarudia."

"Siku ile ya maombi mlikuwa mnatoka wapi?"

"Mjini. Kesho yake nilikuwa nawapeleka kwaya Tarakea, kwenye uimbaji."

"Safari ndefu. Kwa hiyo mlijaza mafuta."

"Tulijaza, mpaka juu."

"Na siku nyingine?"

"Siku nyingine naweka ya kunifikisha na kurudi. Kwa nini niweke mafuta yakae tu?"

Mzee Jumaa akasogeza kigoda. "Na marehemu, alikuwa anawekaje?"

Mama Aika akatabasamu kwa mara ya kwanza. "Elinami? Yule alikuwa na ugonjwa wa kujaza tanki. Alisema mtu wa mlimani halali na tanki tupu, huwezi kujua usiku nani ataumwa. Tulikuwa tunagombana kwa hilo."

Nikamwona mzee ananitazama. Nikajua kwamba gari tumeshalifungua hapo hapo, bila spana.

Asubuhi iliyofuata tulipanda Marangu. Mzee Jumaa alikuwa amepita kwa jirani yake fundi mwashi akaomba kipande cha ule mpira mweupe unaoonekana ndani, wanaoutumia kupimia usawa wa ukuta kwa maji. Tukiwa darajani tuliukata, tukautia kati ya pampu na kabureta. Tukafungua boneti lote tukalilaza kwenye nyasi. Kazi yangu ilikuwa kukaa juu ya madigadi ya mbele, mkono mmoja nimeshika fremu ya kioo, macho kwenye ule mpira. Msifanye hivyo nyinyi. Mna simu, tegeni kamera.

Mama Aika akashika usukani, mzee akakaa pembeni yake. Gia ya pili, taratibu. Petroli ilikuwa inapita kwenye mpira safi kabisa, kama maji ya mfereji. Tukavuka daraja. Pua ya gari ikaanza kuinuka. Nikaona kiputo kimoja. Vikafuatana viwili, vitatu, halafu ikawa povu tupu, mpira unachemka kama chungu cha mbege, pombe yetu ya ndizi. Gari likakohoa, likajivuta, likanyamaza. Nilipoinua macho, vigae vyeupe vilikuwa mkono wangu wa kushoto.

Ndani ya migomba watu walikuwa wamejaa. Sijui walitoka wapi saa zile za kazi. Bibi mmoja aliyebeba majani alishusha mzigo wake akataja jina la Elinami, si kwa sauti.

Mzee Jumaa alimwambia Mama Aika aliachie gari lirudi nyuma polepole mpaka darajani penye tambarare. Likawaka. Viputo vikaisha. Tukamimina galoni la mafuta tuliyokuja nayo, tanki likajaa. Tukapanda: hakuna kiputo, hakuna kukohoa, tulipita kaburi mpaka nyumbani. Tukashuka, tukayanyonya mafuta kurudi kwenye galoni kwa mpira na pampu ya mkono. Kwa mdomo Mzee Jumaa alishaacha, alikuwa anasema ujana wake wote chai ilikuwa na ladha ya petroli. Tanki lilipopungua tukapanda tena. Povu, kikohozi, kimya. Vigae vyeupe.

Kwa Mama Aika ilitosha, ila mzee alitaka aelewe mwenyewe, asije akawa anaamini wanaume wawili wa mjini badala ya kuamini wale wa ukoo. Akaomba chupa tupu na kikonyo cha jani la mpapai, kile chenye uwazi ndani. Akatia maji nusu chupa, akakitoboa kikonyo kwa pini kwa chini, akampa.

"Nyonya."

Akanyonya, maji yakaja.

"Sasa mimi nainamisha chupa. Endelea kunyonya."

Maji yakakimbilia upande mmoja, lile tundu likabaki juu yake, na Mama Aika akapata hewa na matone. Akatoa kikonyo mdomoni, akakitazama.

"Kumbe bomba la ndani ya tanki limetoboka?"

"Limetoboka au limepasuka. Barabara ikiwa sawa, mafuta yanalifunika tundu, hujui. Ukipanda, mafuta yanakimbilia nyuma, tundu linabaki hewani na pampu inavuta upepo. Ukishuka yanarudi mbele. Na tanki likijaa, upande wowote ukiinama tundu limezama. Pengine lilipasuka marehemu akiwa hai, ila tanki lake halikushuka kiasi cha kumwonyesha."

Alicheka, halafu kicheko kikageuka kilio, na akalia sana. Mzee Jumaa alikwenda kuangalia migomba. Mimi nilijifanya nakaza klempu iliyokwisha kukazwa.

Gari lilishuka nasi gerejini. Tulishusha tanki, tukalichomoa lile bomba la kunyonyea, na kweli, pale lilipokuwa limetiwa lehemu zamani palikuwa na ufa mwembamba ambao huuoni mpaka ulipulizie ndani ya maji. Tulilisafisha na kulitia lehemu upya mezani, mbali kabisa na tanki, huku mzee akijipapasa nyusi. Kazi yenyewe haikuchukua hata asubuhi nzima.

Jumapili tulilipeleka wenyewe. Nilidhani Mzee Jumaa atasimama kwenye kikao aeleze. Akakataa. "Mimi Mswahili wa Pasua niingie kikao cha ukoo wa Wachagga nikawafundishe habari za marehemu wao? Gari litasema. Na tanki lisijazwe. Tukijaza hatujathibitisha kitu."

Watu walitoka kanisani wakaja moja kwa moja, wazee na fimbo zao, akina mama na kanga za kwaya, wakajipanga pembeni ya barabara kuanzia darajani. Aminieli alisimama karibu na kaburi. Alikuwa amevaa koti la kaka yake, nililitambua kwa sababu Elinami alishawahi kuja nalo gereji. Wanangu, sikumwona kama mtu mbaya. Yeye ndiye aliyekuwa analisukuma lile gari kila mara, kwenye tope. Alikuwa amemzika kaka yake na hakujua aupeleke wapi ule msiba, na hapo gari likampa jibu.

Mama Aika aliingia kwenye usukani. Mzee Jumaa pembeni, mimi nyuma kwenye turubai. Tukavuka daraja, gia ya pili, pua ikainuka. Sikuwa na mpira wa kutazama, kwa hiyo nilisikiliza. Injini ilishika sauti moja nene, bila kukatika. Tukapita uso wa Aminieli, tukapita vigae vyeupe, tukafika juu penye kugeuzia. Hakuna aliyepiga kigelegele. Walikuwa bado hawaamini, wanasubiri.

Mama Aika akageuza, akashuka mpaka ng'ambo ya daraja, akageuza tena. "Wasije wakasema imebahatisha," akasema.

Tukapanda mara ya pili. Daraja, mlima, sauti ile ile nene. Tulipofika mbele ya kaburi, injini ikanyamaza.

Nje nilisikia watu wakivuta pumzi kwa pamoja. Mzee Jumaa aliweka mkono kwenye kitasa cha mlango, na mimi nilikuwa tayari natafuta akilini ni nini tumesahau. Kisha nikaona mkono wa Mama Aika. Ulikuwa kwenye ufunguo. Alikuwa amelizima mwenyewe.

Akavuta breki ya mkono, akashuka, akapita katikati ya watu bila kumtazama mtu, akasimama kwenye kaburi. Alizungumza na Elinami kwa Kichagga cha kwao. Mimi ni wa Machame, Kichagga cha Marangu nakipata vipande tu, na hata ningekipata chote nisingewaambia. Hakuzungumza kwa muda mrefu. Alipangusa majani makavu yaliyoangukia vigae, akarudi kwenye gari, akawasha. Likawaka mara moja, pale pale mlimani, likiwa limeinua pua.

Hakuondoa gari. Alitoa kichwa dirishani. Aminieli alikuwa amesimama pale pale, mikono ndani ya mifuko ya koti, machozi yanamtoka mbele za wazee na hayafuti.

"Shemeji," akamwita.

Aminieli akainua macho.

"Shemeji, panda. Twende nyumbani."

Mzee Jumaa alifungua mlango, akashuka, akaja kukaa nyuma pamoja nami kwenye magunia ya pumba. Aminieli akazunguka mbele ya gari, akapanda, akakaa pale alipokuwa anakaa kaka yake akichoka kuendesha. Tukapanda mlima.